Mizani ya Nekoye

Kwa mara ya tatu wiki ile, Mwalimu Obiero alipita mbele ya kibanda cha samaki cha mkewe, Benta, akamsalimu kwa adabu kama anayemsalimu mke wa mwingine, akaenda hadi kwa Nekoye kuazima mizani.

Mizani! Na Benta alikuwa na yake, inaning'inia pale pale juu ya kichwa chake, kulabu inang'aa, mshale umesimama sawasawa kwenye sufuri.

"Umeona?" Dorca, muuza dagaa wa kibanda cha pili, alimwinamia sikioni. "Mimi sisemi kitu. Nauliza tu kama umeona."

Ufuoni Dunga nani hakuwa ameona? Nekoye, mjane aliyekuja kutoka upande wa Bungoma, aliishusha mizani yake, akaipangusa magamba kwa leso yake mwenyewe, akampa mwalimu kwa mikono miwili. Mwalimu akacheka. Nyumbani mwalimu huyo huyo alikuwa na mwezi mzima hajacheka.

Hata wateja walikuwa kama wamerogwa. Samaki wa Benta, ngege wa ziwani, walikuwa wanene, wabichi, na bei ya kilo ilikuwa moja ufuo mzima. Lakini tangu kilo zichukue mahali pa ratili na mizani zote zibadilishwe, akina mama wa mjini walikuwa wakimpita na vikapu vyao, na kupanga foleni kwa mjane. Benta alijua ni ule mwanya wa meno ya Nekoye. Mwanamke mwenye mwanya kama ule angeuza hata mawe.

Jioni alimngoja mumewe atie tonge mdomoni.

"Mwalimu, yangu ina nini?"

"Yako nini, Mama Awuor?"

"Mizani."

Obiero alimeza tonge bila kulitafuna. "Hiyo yako ni ya kazi. Sitaki kukukatizia riziki."

"Na ya Nekoye ni ya pambo?"

Mwalimu akakumbuka ana vitabu vya kusahihisha.

Hakuwa mchoyo wa elimu, huyo. Tangu waoane alikuwa akimfundisha Benta fizikia pale mezani kwa vikombe na vijiko. Kikombe kikisukumwa sawa pande mbili, hukaa kilipo. Upande mmoja ukizidi, kinaondoka. Na upande huo usipoacha kuzidi, kila kinavyokwenda ndivyo kinavyoongeza mbio. Benta alikuwa amelishika somo. Mwanzoni mume alikwenda kwa mjane mara moja kwa mwezi. Halafu kila wiki. Sasa ilikuwa karibu kila siku, tena kwa hatua ndefu. Hakuhitaji cheti kujua ni upande gani unaomvuta.

Siku ya Alhamisi Dorca alikuja akihema. "Nekoye amefunga kibanda! Amepanda shuleni, ati anafuata mizani yake. Mizani ina miguu ya kufuatwa?"

Benta aliinuka. Aliing'oa yake kwenye msumari, mizani ambayo hakuwahi kumwachia mtu mwingine aishike, akaifunika kwa leso, akashika njia ya shule ya harambee. Nyuma yake walifuata Dorca na nusu ya soko, kila mmoja akidai ana mtoto katika shule ile.

Kidato cha tatu walikuwa katikati ya somo. Mjane alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na mlango, mikono mapajani, mpole kama mgeni wa kanisa. Mbele, wavulana wawili walikuwa wakivutana kwa mizani mbili, ya shule na ya Nekoye, zilizoshikana kwa pete moja ya chuma. Msichana aitwaye Nasambu alikuwa akisoma vipimo.

"Tano kwa tano, Mwalimu."

"Na pete?"

"Haiendi popote."

"Kwa nini?"

"Nguvu ni sawa pande zote mbili!" darasa zima likaitika.

"Hodi," alisema Benta, akiwa ameshaingia.

Akaifungua mizani ya mjane kwenye pete, akamrudishia mwenyewe. "Shika kitu chako, dada." Kisha akaifunua yake. "Mwalimu, funga hii."

Uso wa Obiero ulibadilika rangi. "Mama Awuor, twende nje tuongee."

"Nje kuna nini? Unavuka kibanda changu mbele ya watu. Leo utafunga ya mke wako mbele ya watu."

"Benta, tafadhali."

Tangu Awuor azaliwe hakuwa amemwita kwa jina. Benta alisikia ndani ya wito huo sauti ya mwanamume aliyeshikwa.

"Afunge! Yawa, afunge!" Dorca alipiga kelele dirishani.

Nekoye akasimama. "Mama Awuor, acha tu. Kuanzia leo simpi tena."

"Kumbe unaogopa!" Benta alisema, akaitia kulabu kwenye pete kwa mkono wake mwenyewe. "Vuteni!"

Wavulana wakavuta. Pete ikasimama hewani, tuli.

"Soma, binti. Kwa sauti."

"Ya shule, tano." Nasambu alisogeza uso, akafuta magamba kwenye kioo kwa kidole, akatazama tena kabla ya kusema. "Ya mama... saba."

"Hawa hawavuti! Vuteni kama wanaume!"

Wakavuta hadi mishipa ikawatoka shingoni. Pete haikusogea hata kidogo.

"Ya shule, kumi," alisema Nasambu, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Ya mama, kumi na nne."

 Mwalimu Obiero aliokota chaki, akaugeukia ubao ambao haukuwa na kitu cha kuandikwa.

"Mama Awuor," alisema polepole, akiwa amempa mkewe mgongo, "mimi ningeazima ya nani?"