Ujuzi wa Mkomwa

Mama Tausi alimwambia jirani yake Sikudhani kwamba amemwona Hamdani akikata kona ya mlimani na pikipiki yake mpya, lori likampita ubavuni, naye akatoka salama.

"Wiki moja tu barabarani, shoga. Kama kaka yake kabisa."

Sikudhani aliitikia kwa kichwa. Siku hizi anayenunua pikipiki kubwa hahangaiki kujifunza. Huhamishiwa ujuzi wa ndugu yake, na huyo ndugu hawezi kuupata tena maisha. Hamdani alihamishiwa wa kaka yake Mkomwa, mume wa Sikudhani, miaka kumi na minane ya bodaboda.

Uani, Mkomwa alikuwa ameanguka tena na pikipiki yake ndogo. Alijipangusa goti, akapanda.

"Mke wangu, njoo unishikilie kwa nyuma kidogo. Leo nitaweza."

Sikudhani aliendelea kuchagua mchele.