Jogoo Aliyeshuka Kwenye Tangi

Jambo la mwisho la kawaida alilofanya Mtetea lilikuwa kumgombeza mumewe, Jogoo, aliyekuwa akiwika juu ya tangi la maji. "Baba watoto, shuka kwenye hilo tangi! Mwewe haogopi kuwika." Adhuhuri hiyo Mwewe alishuka uani, Mtetea akajitupa juu ya vifaranga wake, na Mwewe akaondoka naye.

Jioni Jogoo alitanua mbawa, akajaribu kuwafunika vifaranga. Bata alicheka mpaka akapaliwa. "Makubwa! Shemeji, utaanza kutaga lini?"

"Nikijua nitakwambia," akajibu Jogoo.

Siku ya pili Mwewe akarudi. Aliwajua majogoo: wakiona kivuli hurukia juu na kupiga kelele, vifaranga wakabaki wazi. Akafunga mbawa, akaporomoka kama jiwe.

"Panda tangi, shemeji! Panda!" Bata alipiga kelele kutoka chini ya gari.

Jogoo hakupanda. Aliita kwa mlio ule wa chini aliokuwa akiutumia mkewe, vifaranga wakamkimbilia kifuani, naye akawalalia. Vumbi likatimka, ndoo ikapinduka, nguo zikaanguka kambani! Mwewe akapaa juu ya paa, kucha zake zimejaa manyoya ya mkia tu.

"Wako hai!" Bata akarukaruka. "Wote wako hai! Lo, shemeji, na mkia wako?"

"Ulikuwa wa kuringia tu."

Kesho yake alfajiri Jogoo aliwika kama kawaida, ila aliwika akiwa ameketi chini, kwa sauti ndogo, kwa kuwa watoto walikuwa bado wamelala.