Matumbawe Yamejikunja

Usijitie hukuona. Uliingia sebule ile ya Unyambwa, ukakaa kwenye kochi, ukayapiga picha matumbawe ya Mama Gerald. Aliyekuletea soda hukumtazama. Hata Flora, aliyekuwapo kabla yake, hukuuliza alikwenda wapi.

Huyu mfanyakazi wa sasa anaitwa Scholastika. Leo ni siku ya tatu matumbawe yamejikunja.

"Sikola!" Sauti ya Mama Gerald ilitoka kwenye kamera iliyofungwa juu ya tangi la kioo. Mwenyewe yuko Dodoma tangu Jumatatu. "Bado tu?"

"Shikamoo, mama. Bado."

"Shikamoo yako itayafungua? Pampu umeweka namba ngapi?"

"Mbili, mama."

"Weka tatu."

Aliweka tatu. Maji yalivuma ndani ya kioo. Yale matumbawe laini, ambayo yakiwa mazima hupunga kama vidole vya mtoto mchanga, yalizidi kunywea, yakawa kama uyoga uliomwagiwa maji ya moto.

"Rudisha moja! Unaniulia wewe! Nilikwambia, huendi kokote mpaka yachanue."

"Ndiyo, mama."

Mama mzazi wa Scholastika yuko kitandani Sekenke, hainuki tangu mwezi wa pili. Ruhusa iliombwa mwezi huo huo, na jibu likawa hilo: yachanue kwanza. Yakachanua. Wageni wakaja, ukiwamo wewe. Ndipo ikasemwa, sasa akiondoka nani atayatunza? Geti likaendelea kufungwa kwa nje. Ufunguo anao Antipasi, dereva, ambaye kila asubuhi hupitisha unga na mboga kwenye kidirisha cha geti, kisha huyo.

Scholastika alichukua kitambaa akafuta kioo, mgongo ukiziba kamera, mkono mmoja ndani ya maji, kwenye pampu. Kwa bibi yake alikuwa mpepetaji wa uwele. Bibi hakuwa na pampu wala namba. Alimgeuza mabega tu. Upepo ukupitie ubavuni, makapi yataondoka yenyewe. Ukikupiga usoni utafumba macho, na utabaki umefumba.

"Unafanya nini hapo?"

"Nafuta, mama."

"Toka mbele ya kamera nione." Alisogea. "Yesu wangu, yanakufa haya! Nampigia Laurian."

Laurian ndiye fundi aliyelifunga tangi. Siku ile alimwelekeza Scholastika bila haraka: mkondo upige kioo urudi, usiyaguse moja kwa moja. Na yakijikunja siku tatu niiteni, ya nne hakuna dawa. Scholastika akamnong'oneza, "Kaka, mimi hapa nimefungiwa." Laurian alikohoa, akainama kusoma kipimajoto. Kama wewe tu.

Saa nane mchana Antipasi alifungua geti lote, milango yote miwili, maana pikapu ya fundi ilibeba mapipa ya maji ya chumvi. Laurian aliingia, akapiga magoti mbele ya kioo, akatumbukiza mkono, akaganda.

"Wee dada. Pampu imeelekezwa usoni kabisa. Nilikuonyesha mwenyewe. Nani kaigeuza?"

"Mimi," alisema Scholastika. Mfuko wake wa nguo ulikuwa tayari begani. "Leo siku ya tatu. Ulisema ukiitwa utakuja."

"Laurian!" iliita kamera. "Yamekuwaje?"

Laurian aliyatazama maji.

Wewe usiyatazame. Antipasi bado anashusha mapipa na geti liko wazi sasa hivi: nenda ukasimame pale katikati, lisifungwe.