Jina Lililochomekwa Katikati

"Usiguse kitufe chochote!" mhandisi wa programu alimwambia kaka yake kwa simu. Alikuwa ameketi sakafuni, kompyuta magotini.

Kaka alikuwa fundi wa lifti. Jengo lilikuwa jipya, halijahamiwa, na asubuhi hiyo walikuwa humo wao wawili tu, wakiijaribu programu aliyoiandika huyu mdogo mtu. Sasa lifti ilikuwa inaning'inia kati ya ghorofa ya nane na ya tisa. Iliamriwa kupanda, ikaporomoka ghorofa mbili nzima kabla breki hazijashika.

"Breki zinanuka moshi," kaka alisema. "Ikishuka tena, hazitashika."

"Fundi mzima unaogopa lifti?"

"Mdogo wangu, huu si wakati wa utani! Mama tutamwambia nini?"

Utani wenyewe ulikuwa wa kujikaza tu.

Aliipekua programu mpaka akaliona kosa, akajilaani. Katika C, lugha ya kuandikia programu, orodha ya majina hujihesabu yenyewe kuanzia sifuri: SIMAMA sifuri, PANDA moja, SHUKA mbili. Jana alikuwa amechomeka jina jipya, SUBIRI, mbele tu ya PANDA, eti orodha ipendeze. Yaliyofuata yote yakasogea. PANDA ikawa mbili, na mtambo wa kuvuta lifti, uliobaki na orodha ya zamani, ukipewa mbili hauulizi mara ya pili: unashusha.

Akaihamisha SUBIRI hadi mwisho wa orodha, mahali pa kila mgeni mwenye adabu. Akaituma programu upya.

"Imeingia?"

"Imeingia. Una hakika lakini?"

Hakuwa na hakika hata kidogo. Na kama kuna kosa jingine? Akasoma tena, mstari kwa mstari.

"Ninayo," alisema. "Bonyeza kile cha kijani. Na lolote likitokea, kosa ni langu, si lako. Umesikia?"

"Usiseme hivyo." Kaka alikuwa analia waziwazi.

"Bonyeza, kaka."

Kule juu, kwenye chumba cha mtambo, kaka akabonyeza. Kisha sakafu ya lifti aliyoikalia mhandisi ikatikisika, ikaanza kupanda.