Jiwe Limebaki

Jiwe lilikuwa limeziba njia ya mkojo, na figo ya fundi cherehani ilikuwa imejaa usaha. Homa ilimtetemesha mpaka kitanda kikalia.

Kumwingizia mrija kwa chini kulihitaji chumba cha upasuaji, na humo mlikuwa na mzazi anayevuja damu. Kupitia mgongoni ningeweza papo hapo wodini, kwa sindano na mashine ya picha.

"Mke wangu hatobolewi mgongo," alisema mume wa fundi. "Tutasubiri."

Presha ilikuwa inashuka. Nilimwinamia mgonjwa, nikamwuliza mwenyewe.

"Nitoboe, dada," alinong'ona. "Sindano nimezizoea. Huyo hata kifungo hajui kushona."

Nilimlaza kifudifudi, nikamchoma ganzi. Sindano ilipofika kwenye figo, usaha mzito kama maziwa yaliyoganda ulitoka. Nikapitisha mrija, nikaufunga kwenye mfuko.

Mumewe aliutazama mfuko ukijaa.

"Na jiwe?"

"Limo. Litatolewa homa ikiisha."

"Yaani umemtoboa, na jiwe umeliacha hukohuko? Uniombe radhi, daktari."

Nilimpima fundi presha tena. Ilikuwa imeanza kupanda.

"Sikuombi," nilisema.