Mkavu wa Macho

Haya nilihadithiwa na Rumana mwenyewe, mwezi wa Mfungo Saba, jikoni kwangu, tukipeta mchele.

Bi Hawabai alikuwa kakishika kitasa cha mlango wa chumba cha moto, kakishika kweli, wala hakiachii.

"Bi Hawabai, daktari kasema cha baridi!" Rumana alimvuta buibui. "Presha hiyo itakuangusha humo ndani."

"Na iniangushe. Weye kazi yako kunileta, ushanileta."

Rumana alishusha pumzi kwa hasira. Kila wiki ni vita ile ile, ngazini pale pale, Chake Chake, ghorofani kwa Mwalimu Suzana. Suzana ni mtu wa bara, anasomesha yoga, wanawake watupu. Ana chumba cha baridi, kiyoyozi kinavuma. Ana cha polepole, madirisha wazi, watu wamekaa duara juu ya mito. Na ana hicho cha moto, mashine za joto zimewashwa kila pembe, mtu ajikunje na kujikunjua humo mpaka nguo imgande mwilini. Mtaani walicheka mpaka wakachoka: "Pemba hii mtu alipie joto? Si aje jikoni kwangu anichochee kuni, ntampa na chai!"

Magoti ndiyo yaliyomfikisha bibi yule pale. Cha baridi alikijaribu, akatoka katikati ya somo, kanuna.

"Hakinifai. Nakaa mkavu."

Cha polepole nacho hakukimaliza.

"Humo watu watazamana mno. Wamekuja kunyoosha miguu au wamekuja kuposana?"

Lakini siku aliyoingia cha moto alitoka karowa chapachapa, uso mwekundu, na usiku ule akala wali sahani nzima. Tangu hapo hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Rumana alimtazama na kitasa chake. Hakuwa na deni naye tena. Bi Hawabai ni mavyaa wake, mama wa mumewe Abrahman, na Abrahman hayupo. Homa ilimchukua kabla mwaka wa ndoa haujatimia. Siku ya maziko, bibi huyu hakutoa hata chozi moja kwa mwanawe wa pekee. Alisimamia mabirika ya kahawa, akawagombeza walioshika vikombe ovyo. Rumana alipoangua kilio, alimbana mkono mpaka ukamuuma: "Nyumba hii hakuliwi. Jikaze." Na asubuhi ya matanga kuondoka, duka lake la vitambaa likafunguliwa kama kawaida.

"Mkavu wa macho yule," walinong'ona waliokuja kutoa mkono wa pole.

Tangu siku ile Rumana aliacha kumwita mama. Alimwita Bi Hawabai, kama wamwitavyo wateja.

Sasa eda imekwisha, mwezi wa pili huu. Kwao Tanga washamwita arudi, boti ni kesho, na mkoba wa nguo uko tayari uvunguni. Neno moja tu lilikuwa limemkwama kooni, naye aliapa hapandi boti bila ya kulitema: Hukumpenda mwanao.

Siku zote Rumana humngoja ngazini. Siku ile aliingia naye, ili somo likisha tu, amwambie papo hapo.

Yarabi, joto! Hata kuta zilitoka jasho. Suzana akisema inameni, watu wanainama. Akisema nyookeni, wananyooka, huku maji yanawachirizika mpaka kwenye mikeka. Bi Hawabai alijiweka pembeni kabisa, akifanya kidogo, akipumzika zaidi. Rumana alimfuata na taulo. Bibi akausukuma mkono wake.

"Niache. Nimekuja kutoka maji."

"Utajiua, Bi Hawabai."

"Kama nshakufa, jee?"

Rumana alirudi mkekani akisaga meno. Mtu wa namna gani huyu, hata kufa anakufanyia mzaha!

Mwisho wa somo Suzana aliwaambia walale chali, mikono wazi, macho wamefumba. Huo, zamani aliuita mlalo wa maiti. Wanawake wakapiga astaghfirullahi chumba kizima, naye akaubadilisha jina, ukawa mlalo wa mapumziko. Ni Bi Hawabai peke yake aliyeng'ang'ania jina lake la kwanza.

"Haya, tulale kimaiti," alisema, akalala.

Hapo umeme ukakatika. Mashine zikanyamaza. Suzana akafungua madirisha, na upepo wa kusi ukaingia, wa baridi, mtamu, unanukia karafuu zilizoanikwa majamvini. Wanawake wakashukuru kwa kuguna tu. Nguo zikaanza kuachia miili. Jasho likakauka, mmoja mmoja wakapitiwa na usingizi, na Suzana naye akajiegemeza ukutani akasinzia.

Rumana hakulala. Hata nywele zake zilikuwa zishakauka. Alijiinua kwa kiwiko, neno liko ncha ya ulimi, akamgeukia mavyaa wake.

Bi Hawabai alikuwa kalala chali, macho kayafumba, katulia kama maji ya mtungini. Mikono yake mikavu. Shingo kavu. Uso ulikuwa bado unachirizika.

"Joto hili, mwanangu," alisema pole pole, bila ya kufumbua macho.

Rumana akalala ubavuni pake, akashika ncha ya mtandio wake mwenyewe.

"Joto kweli, mama," alimjibu, akamfuta, maji yakaja mengine, akamfuta tena, mpaka bibi yule akashikwa na usingizi.