Pale Moyo Unaponyamaza

Bi Kidawa wa nyumba ya pili anashikilia kuwa Mzee Makame aliangushwa na jicho. Eti alipuliza tarumbeta harusini mpaka vikongwe wakainuka kucheza, mtu akamtazama bila kusema mashallah, na Makame akaanguka akafa papo hapo, shati halijapata hata mkunjo.

Leo binti yake, Subira, amelala ubavu hospitalini, jeli ya baridi kifuani, na daktari anautafuta moyo wake kwenye skrini.

"Usicheke, dada, picha inatikisika."

"Si unanitekenya, daktari!"

Daktari akafungua sauti. Moyo ulitwanga, ukatwanga, ukanyamaza kidogo, kisha ukapiga kwa kishindo. Subira akaacha kucheka.

Sauti hiyo aliijua. Utotoni, kila baada ya chakula cha mchana, baba alijilaza mkekani, naye akamwekea sikio kifuani kungojea pale moyo unaponyamaza. "Umeruka dimbwi!" alipiga kelele, na Makame akacheka hadi kichwa cha mtoto kikarukaruka. Alidhani baba wote wako hivyo. Hakumwambia mtu, ulikuwa mchezo wao wawili.

"Ukuta huu wa moyo umenenepa," daktari alisema taratibu. "Moyo wa hivi unaweza kusimama ghafla. Kuna kifaa tunakipandikiza chini ya ngozi, kiushtue ukisimama. Kwenu kuna aliyewahi kuanguka?"

"Baba."

Daktari akazima sauti, akaanza kuandika.

"Nifungulie tena, daktari," Subira alisema. "Kidogo tu nimsikilize."

Kalamu ikasimama juu ya karatasi.